Palahala wa Shimba na Cheti cha Kuwindia

Ukisimama katika mji wa Kwale asubuhi, umande ungali juu ya majani, utaziona nchi mbili kwa pamoja. Upande wa mashariki ardhi huteremka mpaka Diani, penye minazi, mchanga mweupe na bahari. Upande wa kusini-magharibi vimejipanga vilima vya Shimba, vimevaa msitu na nyasi ndefu. Katika nyasi hizo huishi mnyama asiyeonekana porini mahali pengine popote katika Kenya. Jina lake ni palahala. Dume ni mweusi, mwenye tumbo jeupe, na pembe zake hupinda kuelekea nyuma mfano wa majambia mawili. Leo watu huja kumtazama. Zamani walikuja kumgombea.

Nataka kukueleza, msomaji, habari za ugomvi huo. Uliendeshwa kwa bunduki porini, lakini kabla ya bunduki uliendeshwa kwa karatasi mezani. Karatasi hiyo iliitwa leseni, nayo ilimruhusu mtu kuua wanyama fulani kwa idadi fulani katika muda fulani. Swali lililokuwa nyuma yake ni swali kuu, na watu wa kila taifa wamelazimika kulijibu: wanyama wakiwa wachache na wawindaji wakiwa wengi, nani apewe, nani anyimwe, na nani awe mwamuzi?

Usidhani ya kwamba kabla ya leseni uwindaji ulikuwa kazi isiyo na sheria. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati ilikuwa desturi kwamba tembo akiuawa, pembe iliyoangukia chini ilikuwa haki ya mwenye nchi, na ile ya juu ilikuwa haki ya mwindaji. Pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ndiyo ada ya siku zile, ila ililipwa baada ya mawindo, tena ililipwa kwa watu walioishi karibu na mnyama. Hapa kwetu Kwale, misitu ya kaya ilikuwa na amri zake. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, hapana aliyeruhusiwa kukata mti pasipo idhini ya wazee, na kwa sababu ya amri hiyo msitu ule ungaliko hata sasa. Mwaka 2008 shirika la UNESCO liliutia, pamoja na misitu mingine ya kaya za Wamijikenda, katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini haifai kuisifu zamani kupita kiasi. Vanga, Wasini na Gazi zilikuwa bandari za biashara kabla ya utawala wa Kiingereza, na misafara ilitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu. Pembe hizo zilipelekwa Unguja, na kutoka huko zikavuka bahari mpaka Bara Hindi, Ulaya na Marekani, zikageuzwa kuwa bangili, vitana na vibonyezo vya piano. Tembo wengi mno waliuawa kwa ajili ya bidhaa hizo. Desturi ya pembe iliyogusa ardhi ilijua kugawanya mapato. Haikujua kuhesabu wanyama waliobaki.

Hesabu ililetwa na wageni, na waliileta kwa namna yao. Tarehe 19 Mei 1900 mataifa ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni katika Afrika yalitia sahihi mkataba mjini London wa kuwahifadhi wanyama wa bara hili. Mezani walikaa Waingereza, Wajerumani, Wafaransa, Wareno, Wahispania na Wataliano, pamoja na wajumbe wa Kongo ya Mfalme Leopold. Mwafrika hakuwako. Mkataba wenyewe haukutekelezwa wote, lakini mawazo yake yaliingia katika sheria za nchi iliyoitwa wakati ule Himaya ya Afrika Mashariki. Orodha za wanyama zikaandikwa. Wengine hawakuruhusiwa kuuawa kabisa. Wengine waliruhusiwa kwa idadi, na kwa wanyama wakubwa kama kifaru idadi hiyo ilikuwa ndogo sana. Simba na chui hawakupewa ulinzi wowote, maana walihesabiwa kuwa wadudu wa kuangamizwa. Mitego ya mashimo na nyavu, ambayo ndiyo silaha ya mwindaji asiye na bunduki, ilikatazwa.

Bei nazo zikawekwa. Mgeni aliyekuja kuwinda kwa starehe alilipa rupia 750, yaani pauni 50 za Kiingereza. Mlowezi, yaani Mzungu aliyekaa katika nchi, alilipa rupia 150, yaani pauni 10. Kwa maneno mengine, mgeni alilipa mara tano ya mkazi, na mtu aweza kusema kwamba jambo hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa mkazi ana mzigo wa nchi na mgeni ana furaha yake tu.

Hapa ndipo nikuombapo utulie na kulipima neno mkazi. Mkazi wa sheria ile hakuwa Mdigo wa Msambweni wala Mduruma wa Kinango, ambaye babu yake alizikwa katika ardhi hiyo. Mkazi alikuwa mlowezi, ambaye pengine alishuka bandarini mwaka uliopita. Kodi ya nyumba wakati huo ilikuwa rupia 2 kwa mwaka, baadaye ikawa rupia 3, na wako watu wengi waliohangaika kuipata hiyo. Fanya hesabu wewe mwenyewe: kwa kodi ya rupia 3, leseni ya mlowezi ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 50, na leseni ya mgeni ilikuwa sawa na kodi ya nyumba 250. Mlango uliandikwa kuwa wazi kwa yeyote mwenye fedha, lakini kizingiti chake kilikuwa kirefu kuliko kimo cha mwenye nchi.

Mgeni mmoja ndiye aliyezidisha sifa za uwindaji wa Kenya. Mwezi wa Aprili 1909, majuma machache baada ya kutoka katika urais wa Marekani, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Walikuja kuwinda kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na safari yao ilipokwisha walikuwa wameua wanyama wakubwa 512: baba 296, na mwana 216. Kermit alifika hata vilima vya Shimba kumtafuta palahala, akampata. Mwaka 1910 mtaalamu wa msafara ule, Edmund Heller, alimwandika palahala wa Shimba katika vitabu vya elimu ya wanyama, akampa jina la Roosevelt. Hivyo mnyama aliyekuwa na jina katika vinywa vya watu wa pwani tangu zamani alipewa jina la mtu aliyekaa Kenya miezi minane. Mwaka huo huo Roosevelt alitoa kitabu cha safari yake, na matajiri wa Ulaya na Marekani walipokisoma walitamani nao kuja.

Walikuja, na kuja kwao kulizaa kazi mpya. Mgeni hakuijua nchi, hakujua lugha, na mara nyingi hakujua hata kulenga shabaha. Alihitaji kiongozi wa kumwonyesha mnyama na kumwokoa mnyama akigeuka. Mwaka 1934 viongozi hao walianzisha chama chao mjini Nairobi, Chama cha Wawindaji wa Kazi wa Afrika Mashariki, nacho kiliweka kanuni kali: mnyama aliyejeruhiwa afuatwe mpaka apatikane, na jike mwenye mtoto asipigwe. Yafaa kuwapa haki yao watu hao kwa kanuni zile. Lakini yafaa pia kujua kwamba nyuma ya kila mwindaji wa kazi walikuwapo wafuata nyayo, wapishi, wachunaji na wapagazi wa Kiafrika, ambao ndio walioliona jani lililovunjika na kulinusa vumbi, na ambao majina yao hayakuandikwa katika leseni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege zilifupisha safari, na idadi ya wageni ikaongezeka. Serikali iliona kwamba kuhesabu leseni peke yake hakutoshi, maana wote waliweza kukimbilia mahali pamoja. Ndipo nchi ikagawanywa kuwa vitalu vya uwindaji. Kitalu kimoja kilichukua msafara mmoja kwa wakati mmoja, na aliyekitaka alilazimika kukiombea Nairobi mapema. Juu ya leseni aliongeza ada kwa kila mnyama, na sehemu ya ada hizo ilikwenda kwa mabaraza ya wilaya. Mambo yakawa kama mithali isemavyo: mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kisu cha wakati huo kilikuwa fedha, na nafasi ya kungoja, na kujuana na kiongozi hodari wa kukupatia kitalu kizuri katika mwezi mzuri. Mtu wa Chicago na mtu wa Paris walishindana kwa kitalu ambacho hawajapata kukiona, na mtu aliyelala pembeni mwa kitalu hicho hakujua kwamba kuna mashindano.

Yeye alijua jambo jingine. Alijua kwamba usiku tembo hutoka msituni, akaingia katika mahindi, akavunja mgomba na kung'oa mnazi mchanga ambao ungalimlisha mwanawe miaka mingi baadaye. Mnyama huyo alikuwa mali ya serikali mchana, lakini hasara yake ilikuwa mali ya mkulima usiku. Mkulima akitega mtego, au akipiga mshale, aliitwa jangili. Tendo lilikuwa moja, kuua mnyama. Karatasi ndiyo iliyolipa majina mawili, mchezo kwa huyu na wizi kwa yule.

Kisa cha Waata chaeleza jambo hilo vizuri zaidi. Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, ni watu wachache walioishi katika nyika iliyo nyuma ya pwani, kutoka mto Sabaki kuja pande za Kwale. Waliwinda tembo kwa mishale ya sumu, na upinde wao ulikuwa mgumu kuvutwa kuliko pinde nyingi zijulikanazo duniani. Mwaka 1948 sehemu kubwa ya nyika yao iliingia katika mbuga ya Tsavo. Katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa mbuga na polisi waliwaandama, wakawakamata na kuwafunga wengi wao. Ni kweli kwamba wengi wa wawindaji hao waliuza pembe kwa wafanyabiashara, na tembo wengi walikufa. Serikali haikuzusha jambo lisilokuwako. Lakini waliofungwa walikuwa wenye pinde, na waliotajirika kwa pembe walikuwa watu wengine. Mwaka 1960 mpango ulianzishwa Galana ili Waata wawinde kwa halali na kwa hesabu. Lilikuwa wazo jema, ila lilikuja baada ya magereza kujaa, na halikudumu.

Ili upime mambo haya kwa mizani iliyo sawa, twende kwa kitambo kidogo mbali na pwani yetu. Katika Marekani kila jimbo lina sheria yake ya uwindaji, na jimbo la Montana lina kulungu mkubwa aitwaye elki, anayetamaniwa na wawindaji wa majimbo yote. Mwaka 1976 mkazi wa Montana aliweza kupata leseni ya elki kwa dola 9, lakini mtu wa jimbo jingine alitakiwa kununua leseni ya dola 225, tena leseni hizo za wageni hazikuruhusiwa kuzidi 17,000. Wageni walinung'unika, wakashitaki, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1978 mahakama iliamua kwamba Montana haikuvunja katiba: watu wa jimbo ndio wanaowatunza wanyama kwa kodi zao na ardhi yao, basi si dhuluma wakitangulizwa.

Linganisha sasa. Huko Montana, kama huku Kenya ya zamani, mgeni alitozwa zaidi ya mkazi. Tofauti ni katika maana ya mkazi. Kule, mkulima aliyeishi kando ya kulungu aliweza kusimama katika mstari wa mbele kwa dola 9. Huku, mkulima aliyeishi kando ya tembo hakuwa na mstari. Mithali yetu yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja kwa wingi, mwenyeji hakupona.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 leseni hazikukoma mara moja. Zilileta fedha za kigeni, na nchi changa ilizihitaji. Hata hivyo milango ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1968 vilima vya Shimba vilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na palahala akapata makao yanayolindwa. Mwaka 1973 uwindaji wa tembo ulipigwa marufuku. Tarehe 20 Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wote wa wanyama wakubwa, na mwaka 1978 biashara ya ngozi, pembe na mapambo yatokanayo na wanyama ikafungwa. Chama cha wawindaji wa kazi kikavunjwa. Wengine walikwenda nchi nyingine na wengine wakaweka bunduki chini, wakashika kazi ya kuwatembeza wageni wenye kamera.

Je, katazo lilifaulu? Watu wenye busara hawakubaliani. Walio upande wa wawindaji husema kwamba msafara wa halali ulikuwa jicho porini, na jicho lilipoondolewa jangili alipata nafasi. Walio upande wa katazo hujibu kwamba leseni ya halali ilikuwa pazia ambalo nyuma yake pembe za haramu zilipita. Tunajua kwamba katika miaka ya 1980 majangili wenye bunduki kali waliwaangamiza tembo kwa maelfu, hata mwezi wa Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alichoma moto tani 12 za pembe mbele ya macho ya dunia. Jirani yetu Tanzania alichagua njia nyingine: alifunga uwindaji mwaka 1973, akaufungua tena mwaka 1978, na vitalu vyake vingali vinatolewa kwa ada. Katika Kenya, Bunge lilipitisha mwaka 2004 mswada ambao ungalifungua mlango wa uwindaji. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi. Ugomvi wa karatasi, kama uonavyo, haukwisha pamoja na karatasi.

Wala ugomvi wa shamba haukwisha. Tembo wa Shimba walipolindwa waliongezeka, na hifadhi yao ikawa kama chumba kidogo chenye wageni wengi. Ua wa umeme ulijengwa. Mwaka 2005 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilihamisha tembo 150 hivi kutoka Kwale kwenda Tsavo Mashariki kwa malori. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini. Fidia ni jambo la haki, lakini hapana mzazi awezaye kubadilisha mtoto kwa fedha, na mahindi yaliyoliwa leo hayapikwi kwa fidia ya kesho kutwa.

Jambo moja lililofanywa Kwale lastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi. Mwaka 1995 jamaa za Wadigo na Waduruma zilitoa mashamba yao karibu na Shimba ili tembo wapate njia ya kupita, na Hifadhi ya Tembo ya Mwaluganje ikafunguliwa. Mapatano yalikuwa kwamba wenye ardhi wagawiwe fedha zilipwazo na watalii. Mapato hayakuwa makubwa kila mwaka, maana utalii hupanda na kushuka kama bahari, na wako waliojuta. Lakini tazama lililobadilika: mtu aliyelala kando ya mnyama alitajwa katika mapatano. Watu wa Mwaluganje walijifunza hata kutengeneza karatasi kwa mavi ya tembo, wakawauzia wageni. Karatasi ambayo zamani ilimnyima Mduruma haki ya tembo, leo yeye huitengeneza kwa mikono yake kutokana na tembo huyo huyo.

Palahala hawakuongezeka kama tembo. Sensa ya wanyama iliyofanywa mwaka 2021 haikufikisha hata mia moja katika Kenya nzima. Hapana mwindaji mwenye leseni aliyewagusa kwa zaidi ya miaka 40, nao bado ni wachache. Hivyo twajua kwamba kukataza ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni nyasi, maji, nafasi, na jirani asiyewachukia.

Wewe usomaye kurasa hizi huenda siku moja utakuwa karani wa kuandika leseni, au hakimu, au askari wa mbuga, au mkulima wa Kwale anayelinda mahindi usiku kwa kupiga debe. Katika kila kazi hiyo utakutana na kitu kichache kinachotakiwa na watu wengi: maji, ardhi, nafasi ya shule, au mnyama mweusi mwenye pembe za jambia. Utalazimika kuhesabu, na ni vema kuhesabu, kwa maana kisichohesabiwa huisha. Lakini kabla hujaandika jina la kwanza katika orodha, uliza ni nani anayebeba hasara ya kitu hicho kila siku, na kama jina lake limo. Kama halimo, ianze orodha upya.